Kimbunga Apata Kituo

Mama Kimbunga alikuwa dobi. Alifanya kazi katika kiwanda kinachofua mashuka ya hoteli. Mumewe alikuwa mpaka rangi wa nyumba. Waliishi katika vyumba viwili, ghorofa ya tatu, pamoja na bibi, mama yake Baba Kimbunga.

Kimbunga mwenyewe alikuwa binti yao wa pekee, mwenye miaka mitatu. Jina lake la kweli alilijua mama yake na cheti chake cha kuzaliwa. Wengine wote walimwita Kimbunga. Akipita jikoni, sufuria zinalia. Akinyamaza, ujue kuna kitu kimeshavunjika.

Kila asubuhi wazazi walikwenda kazini, bibi akabaki na mjukuu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka siku moja Kimbunga alipokwapua miwani ya bibi na kushuka nayo ngazi mbio. Bibi akamfuata. Katikati ya ngazi akateleza, akakaa chini kwa kishindo. Kifundo cha mguu kikavimba.

"Wiki sita usishuke ngazi, wala usikimbize mtu," daktari alimwambia.

Bibi akanuna. "Mguu ni wangu, na mjukuu ni wangu."

"Basi mguu upumzike, na mjukuu ashikwe na mwingine," daktari akajibu.

Mwingine huyo alikuwa nani? Baba Kimbunga alishinda juu ya ngazi ya kupakia rangi. Huko mtoto hawezi kupelekwa. Kesho yake Mama Kimbunga akamchukua binti yake, akaenda naye kiwandani.

"Ukae kwenye kona hii. Usiguse kitu. Umesikia?"

"Ndiyo, Mama."

Ndiyo hiyo ilidumu dakika kumi. Mama alikuwa anakunja mashuka. Alipogeuka, kona ilikuwa tupu. Akaita. Mashine zilinguruma, sauti yake ikapotea. Akapiga kelele. Wafanyakazi wakazima mashine zote. Msimamizi mwenyewe akaanza kufungua milango ya mashine, mmoja baada ya mwingine.

Walimkuta ndani ya toroli la mashuka machafu. Alikuwa amelala fofofo chini ya foronya. Toroli hilo lilikuwa la tatu kwenye foleni ya kumwagwa ndani ya mashine kubwa.

Mtu mmoja akacheka. Wengine wakacheka pia, kwa kushusha pumzi. Mama Kimbunga alimkumbatia mtoto, akalia.

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alimwita pembeni.

"Mama Kimbunga, wewe ni mchapakazi. Lakini hapa kuna maji ya moto, dawa na mashine. Mtoto asirudi tena. Nakupa likizo mpaka mwisho wa wiki. Jumatatu uje peke yako. Ukishindwa, itabidi nitafute mtu mwingine."

Jioni ile familia ilikaa kushauriana. Baba Kimbunga ndiye aliyeanza.

"Labda uache kazi kwa muda."

"Niache kazi? Kodi ya nyumba utalipa kwa makopo ya rangi?"

"Nifungeni kamba moja na huyu mtoto," bibi akasema kutoka kitandani. "Hatafika mbali."

Wakacheka, lakini tatizo lilikuwa palepale. Kituo cha kulea watoto walishakiulizia zamani. Ada yake ilikuwa karibu nusu ya mshahara wa Mama Kimbunga.

Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yao wa chini, fundi cherehani, amekuja kumjulia hali mgonjwa. Aliposikia habari, aliwashangaa.

"Hamjaenda ofisi ya jiji?"

"Kufanya nini?" Baba Kimbunga akauliza.

"Kuna ruzuku ya malezi ya mchana. Jiji linalipa sehemu kubwa ya ada ya kituo, nyinyi mnalipa kidogo. Pacha wangu wamelelewa hivyo miaka miwili. Mlidhani nashona huku nimebeba watoto wawili mgongoni?"

"Hiyo si ni ya wasio na kazi?" Baba Kimbunga akakunja uso. "Sisi si ombaomba, fundi."

"Hapo ndipo unapokosea, shemeji. Ni ya watu kama nyinyi. Mnafanya kazi, lakini kipato ni kidogo. Umewahi kuona aibu kupita kwenye barabara ya jiji?"

"Hapana."

"Kwa nini uone aibu na hii?"

Baba Kimbunga akacheka. "Haya, umenishika. Kuna bwana mmoja hukaa nje ya ile ofisi. Anasema ukimlipa, atakujazia fomu, nawe utapita haraka."

"Mkimbieni huyo kama moto! Fomu ni bure. Asiyejua kuandika, afisa humjazia bure."

Asubuhi Mama Kimbunga alipita kiwandani. Msimamizi alimwandikia barua ya kazi bila kusita. Ndani ya bahasha waliweka barua hiyo, hati za mshahara, cheti cha mtoto, vitambulisho vyao na mkataba wa nyumba. Wakaenda wote watatu. Nje ya ofisi yule bwana wa fomu aliwapungia mkono. Wakampita.

Afisa alikuwa dada mmoja mchangamfu, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Alikagua karatasi za Mama Kimbunga, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akamgeukia baba.

"Na wewe unapata kiasi gani kwa mwezi?"

Baba Kimbunga akamnong'oneza mkewe, "Tuseme sina kitu. Watatupa zaidi."

"Baba, masikio yangu ni mazima," afisa akasema.

Mama Kimbunga akamfinya mumewe. Kimbunga akamfinya pia, ili asipitwe.

"Dada, kazi yangu ni ya leo ipo, kesho haipo," Baba Kimbunga akajitetea. "Sina hati ya mshahara."

"Wako wengi kama wewe. Andika ulichopata miezi mitatu iliyopita, tugawe kwa tatu. Waliokupa kazi wakuandikie barua fupi. Lakini usifiche. Ukificha na ikajulikana, mtarudisha fedha na mtoto atapoteza nafasi. Kipato kidogo si aibu. Hicho ndicho kinachowapa haki ya kusaidiwa."

Baba Kimbunga akakuna kichwa chenye madoa ya rangi. Akaandika kweli.

Afisa akaeleza zaidi. Fedha hazipewi mzazi mkononi. Jiji hulipa kituo moja kwa moja. Kituo lazima kiwe kimesajiliwa. Na mzazi akaone kwa macho yake kabla ya kuchagua.

"Majibu huchukua wiki mbili," akamalizia.

Mama Kimbunga akanyong'onyea. "Dada, mimi mwisho wangu ni Jumatatu." Akasimulia habari ya toroli.

Afisa akaweka kalamu chini. "Mbona hukuanza na hilo? Anayekaribia kupoteza kazi kwa kukosa pa kumwacha mtoto hushughulikiwa kwanza. Msimamizi aandike hivyo kwenye barua. Niletee kesho asubuhi."

Barua ililetwa, pamoja na mbili za wateja wa Baba Kimbunga. Kisha mama akaenda kutazama vituo. Cha kwanza kilikuwa karibu na nyumbani, lakini hakikuwa na cheti ukutani, na mlezi mmoja alikuwa na watoto kumi na tisa. Akaaga, akatoka. Cha pili kilikuwa mbali kidogo. Cheti kilitundikwa mlangoni. Lango lilikuwa na komeo juu, watoto wasikolifikia. Choo kilikuwa safi.

"Mtoto wako anapenda nini?" mlezi wa pale akauliza.

"Kutoroka."

"Vizuri. Tutampa uwanja wa kukimbilia."

Ijumaa mchana afisa akapiga simu. Mama Kimbunga alisikiliza, akasema "asante" mara tano, kisha akaruka. Bibi akataka kuruka naye. Wakamkalisha.

Jumatatu wakampeleka kwenye kile kituo cha pili. Kimbunga aliingia mbio, hakugeuka nyuma hata mara moja. Aliyelia ni baba yake.

"Ni harufu ya rangi," akasema, akijifuta macho.

"Rangi ipi, Baba Kimbunga? Hata kazini hujafika!"

Miezi ikapita. Bibi akapona, akaanza kwenda kwa fundi kupiga soga. Mama Kimbunga hakukosa kazi hata siku moja, akafanywa kiongozi wa chumba cha pasi. Mshahara ulipoongezeka, alirudi kwa afisa kutoa taarifa. Mchango wao ukapanda kidogo, ruzuku ikaendelea. Wapaka rangi wenzake na Baba Kimbunga wenye watoto wadogo walichoka kuambiwa: "Nendeni jiji! Fomu ni bure! Semeni kweli!" Wawili wakaenda, wakapata.

Siku moja Baba Kimbunga alimaliza kazi mapema, akaenda kumchukua binti yake. Alimkuta amepiga magoti, akipanga vipande vya mbao na wenzake. Walikuwa wanajenga ghorofa.

"Baba, kazi imeisha?" Kimbunga akauliza.

"Imeisha, mama. Twende nyumbani."

"Yangu bado," akasema, akachukua kipande kingine.

Baba Kimbunga akavuta kiti kidogo cha watoto, akakaa, magoti yakafika kidevuni. Akasubiri.