Salamu za Saa Sita

Siku hiyo soko la vifaa vya umeme lilikuwa limejaa mpaka mtu akitaka kujikuna aombe nafasi. Redio zinalia, moshi wa kuchomelea waya unawasha pua, wauza chaja wanaita wateja kama wanaita watoto waliopotea. Katikati ya vurugu hiyo, kwenye kibanda chenye kompyuta kuukuu zilizopangwa kama matofali, mikono miwili ilishika betri moja.

Mkono mmoja ulikuwa wa dada mshona mapazia. Alivaa gauni la maua madogo ya buluu alilolishona mwenyewe, lenye mifuko mikubwa ya kuwekea chaki na futi ya kupimia. Mkono wa pili ulikuwa wa kijana mrefu mwenye shati la kaki, limelowa grisi mpaka kwenye kola.

"Kaka, samahani, hii nimeitangulia."

"Umeitangulia kwa macho, dada yangu. Mimi nimeitangulia kwa mkono."

"Mkono wenyewe ndio huo? Utaichafua kabla hujainunua!"

Mwenye kibanda alikuwa amewazoea watu wa namna hiyo. "Ipo hiyo hiyo moja," akasema. "Mkimaliza kugombana mniite."

Dada akatoa simu kwa mkono wa kushoto, wa kulia haukuachia betri. Kulikuwa na kundi moja la mtandaoni alilolizoea kuliko majirani zake, linaitwa Kibarazani. Watu wa humo walifundishana kuandika programu za kompyuta, na mambo ya kompyuta yakiwachosha, waliulizana namna ya kutoa doa la chai, au ufanyeje paka akisusa chakula. Kila mtu alikuwa na jina la utani. Yeye aliitwa Pindo. Akaandika kwa kidole gumba: "Jamani, nimepata betri ya kompyuta yangu, lakini kuna mwanamume mwenye shati la grisi na kiburi cha mfalme ameing'ang'ania. Nimfanyeje?"

Simu ya yule kijana ikatetema mfukoni. Akaitoa, akasoma. Akalitazama shati lake. Akasoma tena, kisha akaandika kidogo.

Jibu likaingia kwa Pindo, limetoka kwa mtu anayeitwa Winchi: "Mwenye shati anasema grisi ni ya kazi. Hicho kiburi ametafuta mifuko yote, hajakiona."

Dada akainua macho polepole. Winchi! Si ndiye aliyemsaidia wiki nzima kutengeneza programu yake ya kupimia mapazia, ile iliyokuwa ikimwambia dirisha la jikoni linataka kitambaa cha kufunika jengo zima?

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mimi nilijua wewe ni mzee! Unavyogomba humo, 'funga mabano, nimesema funga mabano,' nikajua ni babu wa watu."

"Na mimi nilijua wewe ni mpole."

Wakacheka mpaka mwenye kibanda akageuka. Betri aliichukua Pindo. Winchi alichukua namba ya simu, na ukimuuliza yeye, atakwambia ndiye aliyepata faida.

Basi Winchi alikuwa fundi wa lifti. Kazi yake ilikuwa kushuka kwenye mashimo ya lifti, kukagua kamba za chuma na kupaka grisi reli zake, mahali penye giza ambapo simu haishiki mtandao. Jioni alipitia dukani kwa Pindo, wakakaa kwenye benchi la nje, Pindo akishona pete za pazia, yeye akimshikia kitambaa kisiburuzike chini. Hapo ndipo siku moja alipomwambia anampenda. Alimwambia akiwa ameangalia kitambaa.

Pindo alikata uzi kwa meno kwanza.

"Baba yangu alikuwa anapaka rangi maghorofa," akasema. "Asubuhi moja alikunywa chai, akamwambia mama atawahi kurudi. Mama akakaa mlangoni mpaka jioni. Hakuna aliyemletea habari, alisikia kwa wapita njia wanasimuliana alivyoanguka akafa. Mpaka leo mlango ukigongwa, mama anashtuka. Mimi nimekua namtazama. Sitaki kuishi hivyo."

"Kwa hiyo ni hapana?"

"Kwa hiyo nataka kitu kimoja. Kila siku saa sita ukitoka shimoni, niambie umetoka. Neno moja tu. Ukiniwekea hilo, mimi ni wako."

"Hilo tu, laazizi? Hata ungetaka nikuimbie, ningekuimbia."

"Usiimbe. Nimeshakusikia ukiimba."

Ikawa hivyo. Saa sita ikifika, simu inalia juu ya meza ya cherehani: "Nimetoka shimoni salama, Pindo wangu. Nimekukumbuka." Pindo anasoma, mabega yanashuka, anaendelea kushona. Wenzake wakawa wanamtania. "Huyo ameshashiba," wanasema. "Chakula chake gawaneni." Mara moja tu salamu ilichelewa, Winchi alipokwama chini na mtambo mbovu. Alipotoka alimkuta Pindo amelia mpaka sauti imekauka. Baada ya hapo haikuchelewa tena hata kidogo, na Pindo akawa anajisifu kwa wenzake kwamba mwanamume anayeshika saa namna ile hazaliwi kila nyumba.

Ikafika siku ya kumpeleka kwa mama. Winchi aliomba ruhusa kazini. Akaja na shati jeupe lenye mikunjo ya pasi ungedhani imechorwa kwa rula, kucha amezisugua mpaka zimekuwa nyekundu. Mama alimtazama juu mpaka chini, akamuuliza habari za wazazi, akamuuliza kama kazi yake ina mkanda wa usalama. Winchi akamweleza mkanda unavyofungwa, akasimama na kumwonyesha kiunoni. Mama akamwongeza chakula bila kuombwa, na mama yule hana mazoea ya kuongeza watu chakula. Pindo chini ya meza alikuwa anachezesha vidole vya miguu kwa furaha.

Saa sita ikafika. Simu ya Pindo ikalia juu ya meza, kando ya jagi la maji.

"Nimetoka shimoni salama, Pindo wangu. Nimekukumbuka."

Pindo akasoma. Akainua macho. Winchi alikuwa mbele yake, kijiko kimeishia njiani.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Winchi, mama. Anasema ametoka shimoni salama."

Mama akamtazama kijana, akaitazama simu. "Shimo gani? Si huyu hapa anakula?"

"Nilisahau kuizima," Winchi akasema, akakiweka kijiko chini. "Pindo, nikueleze. Ni programu. Niliiandika mwenyewe, ipo kwenye kompyuta yangu nyumbani. Saa sita ikifika inatuma."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile niliyokwama. Nilivyokukuta umelia vile, nikasema sitakutia hofu hiyo tena."

Pindo akaiweka simu chini taratibu, kama kitu cha moto. "Hukunitoa hofu. Uliniziba macho. Kwa hiyo siku ungefia humo chini, saa sita ningepata salamu zako, nikaendelea kushona huku nacheka? Usinitumie salamu tena."

Mama alikwisha simama, anakusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula. Nyumba ile haikuhitaji kumfukuza mtu kwa maneno. Kijana akaaga, akatoka na shati lake jeupe.

Alipiga simu, Pindo hakupokea. Akapiga tena. Mwisho akaacha, na Pindo akakasirika kwamba ameacha.

Sasa, Kibarazani walikuwa na desturi yao, wanaiita kuanika. Mtu akiandika programu ikamuumiza mwenzake, anaianika mbele ya kundi mstari kwa mstari, aseme alipokosea, na kujitetea ni marufuku. Halafu kundi zima linamsubiri aliyeumizwa aseme lake. Msimamizi alikuwa mzee mmoja, fundi mstaafu wa simu za mezani, wao wanamwita Babu Waya. Hakuna aliyemlazimisha Winchi. Aliianika mwenyewe, mchana kweupe, Pindo akiwa kwenye cherehani.

"Programu hii inasema niko salama," aliandika, "bila kuniangalia kama niko salama. Inaangalia saa peke yake. Nilimtumia salamu zake mtu aliyeniamini. Sasa hivi nimeifuta. Makosa yote ni yangu."

Majibu yakamiminika. "Hata jiko langu la umeme lina akili kuliko hii, likiungua linazima," mmoja akaandika. Mwingine: "Hapa hakuna mstari wa kurekebisha, ndugu. Kilichoharibika ni aliyeandika." Winchi hakujibu hata mmoja. Pindo alisoma, akasoma tena, sindano ikatembea juu ya kitambaa ikatoka nje ya mstari, akalazimika kufumua pazia zima.

Babu Waya akampigia. "Mjukuu wangu, tunakusubiri neno lako."

"Nisubirini tu, babu."

"Hamna neno. Simu yangu ina chaji."

Hasira ilikuwa imepungua, Pindo alilijua hilo. Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi. Akimrudia Winchi, atarudi kule kule mlangoni alikokaa mama. Asiporudi, je? Aliligeuza jambo hilo kila upande kama kitambaa ambacho hujui upande wa mbele ni upi.

Mpaka siku moja, karibu na saa sita, akaingia mteja anahema. "Jamani, mmesikia? Lile jengo la ofisi nyuma ya benki, lifti imeporomoka na fundi. Watu wamejaa."

Pindo alilijua jengo. Winchi alikuwa analihudumia mwezi ule. Akapiga simu: haipatikani. Akapiga tena: haipatikani. Saa sita ikafika, ikapita. Simu ilikuwa kimya, na safari hii hakukuwa na programu ya kumdanganya.

Hakuaga. Alitoka mbio na futi shingoni, mguu mmoja kiatu, mguu wa pili ndala ya dukani. Roho ilikuwa mkononi. Njia nzima alikuwa akisema peke yake, "Nilimnyima neno. Nilimnyima hata neno moja."

Mbele ya jengo gari la wagonjwa lilikuwa limefungua mlango. Mlinzi alinyoosha mkono. "Dada, hakuna kuingia."

"Fundi wa lifti yuko humo!"

"Mafundi ni wawili. Wewe nani wake?"

"Mchumba wake!" Pindo akapiga kelele mpaka watu wakageuka. Hakuna aliyemposa, lakini ndivyo ilivyomtoka.

Mlinzi akalegea. "Subiri hapo kando, mama. Wanatoka sasa hivi."

Wakatoka. Kwanza machela, juu yake mwanamume mnene anayelalamika kwa nguvu kuhusu mguu wake, na kulalamika kwa nguvu ni dalili nzuri. Aliyeshika machela upande wa kichwa alikuwa mrefu, amejaa vumbi mpaka kope. Mlinzi akamwita: "Wewe ndiye mwenye mchumba? Ameshika futi pale, nilidhani atanipima sanda!"

"Mchumba gani?" Winchi akauliza. Kisha akamwona.

Pindo alikuwa amejipanga kusema mambo mengi. Badala yake alimpiga futi begani, akampiga tena, halafu akamkumbatia na vumbi lake lote, akalia, na kilio kikageuka kicheko kabla hakijafika mwisho.

"Mbona hukuniambia uko salama?"

"Simu iliniponyoka, imesagika. Nilikuwa nimemshika mwenzangu. Na ulinikataza salamu."

"Nilikukataza za mashine!"

"Pindo." Akajifuta uso, akajichafua zaidi. "Nisikudanganye tena. Saa sita siwezi kukuahidi. Siku nyingine nitatoka saa sita, siku nyingine saa tisa. Nikitoka nitakupigia kwa sauti yangu. Kabla ya hapo utakuwa hujui, na mimi sina dawa ya hilo."

"Nitaogopa."

"Najua. Hata mimi huwa naogopa kule chini."

Pindo akamtazama. Hilo hakuwahi kumwambia, siku zote alikuwa anatania. "Unaogopa?"

"Kila siku. Mkanda naufunga, naufungua, naufunga tena kabla sijashuka."

"Basi tutaogopa wawili," Pindo akasema. "Mama aliogopa peke yake, ndiyo maana ilimchosha."

"Hilo la mchumba," Winchi akasema taratibu, "ulilisema ili uingie tu, au…"

"Wewe unalitaka liwe vipi?"

"Nalitaka liwe kweli, laazizi. Leo hii."

"Limeshakuwa. Mlinzi ni shahidi."

Mlinzi aliyekuwa anajifanya hasikii akapiga makofi ya furaha. Hapo simu ya Pindo ikalia. Mama. Habari zilikuwa zimemfika.

"Yuko wapi?" mama akauliza, sauti nyembamba kama uzi.

"Yuko hapa, mama. Nimemshika."

Upande wa pili kukawa na pumzi ndefu, kisha mama akapenga kamasi. "Mpe simu."

Winchi akaipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeumia?"

"Hapana, mama. Mwenzangu amevunjika mguu, ila atapona."

"Umemtoa wewe?"

"Tulisaidiana, mama."

"Haya. Nenda kaoge. Halafu waambie wazazi wako waje tuongee, sipendi mambo ya kuchelewachelewa. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Akarudisha simu. Pindo alikuwa ameshakaa kwenye ngazi za jengo, ndala iko kule barabarani. Winchi akaenda kuiokota, akaipangusa kwenye suruali, akamvisha, akakaa kando yake. Gari la wagonjwa likaondoka, watu wakatawanyika, na wao wakabaki pale wanapumua tu, kama watu waliotua mzigo mzito na hawana haraka ya kuinuka.