Ushuru wa Mlangoni

Kitambaa kilikuwa kimepungua. Mshonaji alikitandaza juu ya meza ya cherehani, akanyoosha kingo, akapima upya, na bado kilipungua shubiri nzima. Alikinunua kwa ajili ya mtoto aliyekuwa tumboni, na dukani alikuwa ameshika futi mwenyewe.

"Yule muuzaji kakuibia," alisema mumewe bila kuinua macho.

"Ataniibiaje na futi ninayo mimi?"

Mumewe alikuwa afisa wa forodha. Majirani walimwita Bwana Ushuru kwa utani, naye aliitika kwa furaha. Jengo la zamani la forodha lilipoanza kubomolewa, aliokota stoo barua ya serikali ya enzi zile, iliyotiwa saini na gavana ambaye hata kaburi lake halijulikani. Gavana alilalamika kwamba mapato ya biashara yameshuka, akaamuru kila kiingiacho mlangoni kitoe sehemu yake, kiwe cha tajiri au cha maskini, mpaka itakapoamriwa vinginevyo. Chini ya saini paling'aa lakiri nyekundu, ile nta ya kugongea muhuri. Bwana Ushuru aliitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni juu ya mlango wa mbele.

"Si bora ungetundika picha yetu ya harusi?" mkewe alimuuliza.

"Picha yetu haina saini nzuri hivi."

Baada ya kitambaa yakaja maziwa. Chupa ilitoka dukani imejaa, ikafika jikoni imepungua, na kizibo hakijaguswa. Mkate nao ulikosa upande, umekatwa kwa unyoofu, bila chembe hata moja kudondoka. Kisha wakaanza kusikia sauti. Kila mtu alipovuka kizingiti kuingia, palisikika kishindo kidogo juu ya kichwa chake, ta! kama muhuri unapogongwa mezani, na sebule ikajaa harufu ya lakiri inayoyeyuka.

"Ni mbao zinatanuka kwa joto," alisema Bwana Ushuru. Lakini tangu hapo naye alianza kuingia akiwa ameinamisha kichwa.

Adhuhuri moja binti yao alirudi kutoka shule, akasimama mbele ya mama yake, akanyoosha mkono.

"Mama, ukucha wangu hauko."

Kidole kidogo kilikuwa laini mpaka nchani, bila damu, bila kovu, kama kidole ambacho hakijawahi kuota ukucha.

"Umeuacha wapi?" mama aliuliza, na papo hapo akajua kwamba ameuliza swali la mtu aliyeogopa.

"Nilikuwa nao pale nje. Nimegongea geti nao."

Jioni hiyo Bibi, mama yake Bwana Ushuru, alirudi kutoka kwa jirani. Aliketi kwenye kochi, akiikunja na kuikunjua kanga yake.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "hivi baba yako alikuwa anaitwa nani?"

Bwana Ushuru alicheka, akidhani mama yake anamtania. Alipomtajia, Bibi alitikisa kichwa polepole. Jina hilo, alisema, ndiyo kwanza analisikia. Mwanawe akaacha kucheka.

Kulipokucha aliitungua barua, akairudisha kazini. Aliporudi nyumbani, muhuri uligongwa juu ya kichwa chake vilevile. Akatazama juu. Ukutani, mahali fremu ilipokuwa, ile saini ilikuwa imejichora yenyewe, wino wake ukiwa bado mbichi.

Uchungu ukamshika mkewe asubuhi hiyohiyo. Alijifungua hospitalini salama, mtoto wa kiume, mzima. Akampigia simu mumewe akiwa ananong'ona, kama vile mlango ungeweza kumsikia.

"Nakwambia baba, siingii humo na huyu mtoto. Fanya uwezalo."

Bibi akamleta mganga, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Alikataa kupita getini. Walizungumza hapo nje, juani, yeye na Bwana Ushuru, Bibi akiwa amemkumbatia mjukuu wake wa kike.

"Huyu si jini wa chuki," mganga alisema. "Ni jini wa kazi. Aliwekwa zamu na mwenye saini, na hakuna aliyerudi kumwambia zamu imekwisha."

"Basi tuhame."

"Mhamie wapi? Ameshawajua. Mlango wowote mtakaoingia ni mlango wake."

"Ataondokaje?"

"Akipata wa kumpokea. Mtu anayeijua kazi hiyo."

"Na huyo atakayempokea?" Bwana Ushuru aliuliza.

Mganga alitazama chini. "Zamu haiachwi wazi."

Bwana Ushuru akaingia peke yake. Mchana ulikuwa mweupe, majirani walikuwa wakianika nguo, redio ya mtu ilikuwa ikiimba, lakini alipovuka kizingiti sauti zote hizo zilikatika, na joto likamshukia kutoka juu kama pumzi ya mtu mrefu mno aliyejikunja chini ya dari, na kitu kikavu kama karatasi kikaanza kumpapasa utosi, masikio, kope, taratibu, kwa uangalifu wa mtu anayekagua mzigo, mpaka machozi yakamtoka bila yeye kulia.

"Nimekuja kukupokea," alisema kwa sauti yake ya kazini.

"Kwa amri ya nani?" Sauti ile ilikuwa ya uchovu, si ya hasira.

"Yangu mwenyewe."

Akapanda kiti, akachovya kidole katika ule wino mbichi, akatia saini yake chini ya saini ya gavana. Pakasikika pumzi ndefu, kama ya mbebaji anayetua mzigo. Saini zote mbili zikafifia. Harufu ikaisha, na redio ikarudi.

"Ameondoka!" mganga alipaza sauti kule nje.

Bibi akapiga kigelegele. Palepale akalitamka jina la mumewe, akalirudia, akalia. Mke wa Bwana Ushuru akaitwa, akaja na teksi, mtoto kifuani ndani ya kile kitambaa kilichopungua. Bwana Ushuru alisimama mlangoni akitabasamu, mikono wazi.

Mkewe alipokanyaga ngazi ya kwanza, kiganja cha Bwana Ushuru kikaanza kuwasha. Akajikuta anautazama uzito wa mtoto, ulaini wa sikio lake, urefu wa vidole, akipima. Ta! Safari hii kishindo kilitoka ndani ya kifua chake mwenyewe.

"Usiingie!"

"Baba, nini tena?" mkewe aliuliza.

Akaketi kizingitini, akaikalia mikono yake.

"Mtoto ni mzima?"

"Mzima."

"Vidole vyote?"

"Vyote."

"Mchukue binti yetu, mchukue mama, nendeni kwenu. Hakuna kitakachowafuata, zamu ni yangu nami nabaki hapa. Nendeni sasa hivi, mke wangu, nakuomba."

Mkewe alimtazama. Kisha akapiga hatua moja mbele, amguse shavu tu. Mkono wa kulia wa mumewe ukachomoka wenyewe kutoka chini ya paja lake, ukanyooka kumwelekea mtoto, kiganja juu, wazi, ukisubiri kwa adabu.