Chini ya Kitambaa cha Mama, Taa Moja Ilikuwa Imezimika

Tii… tii… tii…

Nilikuwa jikoni namenya ndizi niliposikia mlio huo ukitoka chumba cha studio. Mwembamba, wa kung'ang'ania, kama kifaranga aliyepotezana na mama yake kwenye mvua. Ukalia, ukalia… kisha ukakatika ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo. Sikuwa nimeona chochote bado. Lakini moyo wangu ulishatangulia.

Wasomaji wenzangu, naitwa Tusekile, nina miaka thelathini na mitatu. Nimezaliwa Rungwe, naishi hapa Mbeya, na nina studio ndogo ya kurekodi kwaya. Wakati huo nilikuwa na mume wangu Festo, mwenyeji wa Kilolo kule Iringa. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa sauti na wa kompyuta. Mimi nilipokea wanakwaya, nikawapikia chai, nikachagua nyimbo. Nilimwamini kama mtu anavyoamini ukuta wa nyumba yake.

Kabla ya mlio ule, kompyuta yetu ilikuwa mzee wa kukokota miguu. Ukiiwasha, uliweza kuchemsha chai ukarudi bado inazunguka. Festo akanishawishi tununue diski mbili mpya za SSD, zile za kasi. Tuhamishie humo mfumo wote wa kompyuta, alisema, na tuziunge kwa RAID. Kila kinachoandikwa kwenye moja kitaandikwa na kwenye nyingine, papo hapo. Moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi kama vile hakuna msiba.

"Ni mapacha, Tuse," aliniambia. "Kama wewe na mimi."

Siku ya kuhamisha nilikaa pembeni nikiomba kimoyomoyo, kwa sababu ndani ya diski ya zamani mlikuwa na kitu kimoja ambacho hakina bei. Sauti ya mama yangu. Alipokuja kutibiwa Mbeya, akiwa ameshadhoofu, alikaa mbele ya maiki yetu akaimba wimbo aliouongoza kanisani maisha yake yote. Halafu akatutoa nje, akazungumza na sisi wanawe, mmoja mmoja kwa jina; nilipofungua mlango nilimkuta akimalizia kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, asanteni sana. Hatukuwahi kuusikiliza ule usia. Kaka yangu Ambakisye na mimi tulikubaliana tutauwasha siku ya kujengea kaburi, ukoo wote ukiwa umekusanyika.

Mfumo ulihama salama. Kompyuta iliwaka kabla sijamaliza kusema amina! Festo akaifuta diski ya zamani, akasema isije ikaangukia mikononi mwa watu. Nami kwa furaha nikatandika juu ya kompyuta kitambaa cheupe alichofuma mama, kikaning'inia mbele kwa maua yake. Nyumba gani ya kwetu inaacha redio au televisheni uchi? Festo alilalamika kwamba kinaziba hewa na kinafunika taa mbili za kasha la diski. Kila nilipokitandika, alikitoa. Ikawa utani wetu wa kila siku.

Sasa rudini nami kwenye ule mlio…

Nilipofika studio na mikono yenye utomvu wa ndizi, nilimkuta Festo amepiga magoti mbele ya kompyuta. Anakinyoosha kitambaa. Anakipanga maua yakae sawasawa, taratibu, kama bibi harusi anayetandika kitanda. Nikamuuliza mlio ulikuwa wa nini. Akasema umeme, umechezacheza kidogo.

Nilirudi jikoni. Lakini kisu kilikataa kumenya. Tangu lini Festo anajali kitambaa?

Kuanzia hapo niliona kila kitu, na kila kitu kilininukia. Simu alipokea nje, karibu na tangi la maji. Safari za Iringa ziliongezeka. Mama yake anaumwa, alisema, tena sana, hata kusimama hawezi. Nilimfungia viazi, nikamfungia na sukari ya mgonjwa. Alipoondoka nikaona ni vyema nimpigie mkwe wangu nimpe pole.

"Kamwene, mwanangu," aliitikia kwa Kihehe akihema. "Nani anaumwa? Mimi nipo shambani nachimba viazi, na kwa jembe nimewashinda vijana. Huyo Festo mwambie aje aone mgonjwa anavyolima."

Nilicheka naye. Nilipokata simu sikuwa nacheka tena.

Nikaenda studio, nikanyanyua kitambaa. Taa ya kwanza ilikuwa ya kijani. Ya pili ilikuwa imekufa. Na kompyuta ilikuwa inafanya kazi vizuri tu, nyimbo zote zipo, sauti ya mama ipo… Niliposikia jina langu likitajwa mwanzoni mwa usia, nikazima haraka. Siku yake haijafika, nilijiambia. Ningejua!

Festo aliporudi nikamuuliza. Hakubabaika. Diski moja iliungua, akasema, ameipeleka kwa waliotuuzia waibadilishe. Ndiyo maana ya mapacha, si alinieleza? Nikataka kumwamini. Mwanamke anayetaka kuamini, wasomaji, hakosi cha kuamini.

Kisha mwalimu wa kwaya moja ya Chunya akanipigia simu. Alizungumza kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha. Wimbo wao bado tulikuwa tunauchanganya, hata wao hawajaupokea. Imekuwaje ndugu yao aliyeko Iringa ausikie ukichezwa kwenye studio mpya huko, kama mfano wa kazi za studio hiyo?

Usiku ule sikulala. Nilianza kuelewa mlio ule. Ulikuwa kilio cha pacha mmoja akiita mwenzake aliyechomolewa. Nilikuwa nimeibiwa, na hakuna kilichopungua! Nani anakwenda polisi kusema kitu chake kipo, lakini kimeibiwa?

Festo akaenda Iringa tena. Safari hii hakutaja siku ya kurudi. Na katika wiki hiyohiyo umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, taa za sebuleni zikapasuka. Kompyuta ikabaki giza. Fundi wa mtaani aliikagua akatikisa kichwa. Diski iliyobaki imekufa. Akaniuliza nakala nimeweka wapi. Nikamwambia tulikuwa na RAID. Akanitazama kwa huruma, akasema RAID si akiba, dada, ile ni ya kuvumilia diski ikifa tu.

Siku ya kujengea kaburi ilikuwa inakaribia. Sauti ya mama sasa ilikuwa mahali pamoja tu duniani. Nikapanda basi kwenda Iringa.

Kwa maelekezo ya yule ndugu wa wanakwaya wa Chunya, studio yake haikuwa ngumu kuipata. Mlango wake ulikuwa mnene, umejazwa sponji kuzuia sauti, kama wetu. Ndani nilimkuta mwanamke ameketi mbele ya kompyuta na mtoto mgongoni. Festo alikuwa amesimama nyuma yake. Na kwenye kioo cha kompyuta, chini ya picha ileile ya milima ya kwetu niliyoiweka Mbeya, lilikuwa limeandikwa jina langu. Tusekile. Alihamisha mfumo mzima jinsi ulivyo, hakujisumbua hata kulibadilisha.

Nikajitambulisha. Yule mwanamke akatazama kioo, akanitazama mimi.

"Kumbe ni mtu?" akasema polepole. "Kila asubuhi naliona jina lako hapa. Baba Nuru huyu aliniambia ni jina la programu."

Sikuwa na nguvu ya wivu. Nilimwambia Festo nyimbo abaki nazo, na yeye mwenyewe abaki. Anipe sauti ya mama tu.

Akakuna shingo.

"Ile nilifuta, Tuse. Diski ilikuwa inajaa. Si wimbo wa kuuza."

Ndugu zangu… siku ya kujengea kaburi tuliimba wenyewe. Ambakisye hakunilaumu, na hilo liliuma zaidi. Mpaka leo kila mmoja wetu anajiuliza mama alimwambia nini.

Nawasihi, kitu mnachokipenda msikiweke mahali ambapo funguo zake ziko kwa mtu mmoja, hata kama mnalala kitanda kimoja. Wekeni nakala kwa kaka, kwa shangazi, mbali na nyumba. Na mkisikia mlio, msirudi jikoni. Nyanyueni kitambaa.

Pale Iringa nilipiga magoti mbele ya kasha. Festo akasogea kunizuia. Yule mwanamke akavuta kiti chake pembeni ili mkono wangu ufike. Kama sauti ya mama haimo, basi na nyimbo hazibaki; nikaichomoa diski yangu. Jina langu likazimika kwenye kioo, na kompyuta ikaanza kulia, tii… tii… tii… Nikatoka nayo kifuani. Mlango wa sponji ukajifunga nyuma yangu, na mlio ukakatika.