Kidole Kisichoinuka

Hebu fikiria ofisi ambamo umeme umekatika, simu moja tu inawaka mezani. Rafiki yangu, fundi wa programu, alikuwa ameitungia kengele: msomaji akimaliza kusogeza ukurasa na kuinua kidole, ilie. Haikulia. Ukurasa ulizidi kupanda wenyewe, taratibu, ukitoa mlio kama kucha kwenye kioo.

"Futa hiyo kengele, dada, au kazi nampa mwingine," mkuu wake alisema mlangoni.

"Sifuti, kaka. Kengele yangu haisemi uongo. Kuna mtu bado anasoma."

Mkuu alicheka, akaenda zake.

Rafiki yangu alikunja mikono kifuani. "Basi inua kidole," aliliambia giza. "Mimi sitoki hapa."

Ukurasa ukasimama. Kengele ikalia.

Naomba ukumbuke hili tu, mwanangu: kwenye kioo cha simu palibaki alama ya kidole kidogo, bado mbichi.