Ifrah Aficha Ugonjwa wa Mama Yake

Ifrah aliuza nguo sokoni Garissa. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita, lakini kila asubuhi alifungua kibanda. Siku ya kliniki alimwachia jirani kazi, akaenda.

Muuguzi aliitwa Dullo, mwanamke wa Wajir. Alimpima presha na uzito, kisha akauliza, "Kwenu kuna mwenye ugonjwa wa sukari? Mama, baba, au ndugu?"

"Hakuna," Ifrah akajibu haraka.

Haikuwa kweli. Mama yake, Arbia, aliyeishi Eldas, alikuwa na sukari kwa miaka kumi. Alikuwa amekatwa vidole viwili vya mguu. Ifrah aliogopa kwamba akiutaja ugonjwa huo, utamjia na yeye.

Tangu siku hiyo hakupata raha. Alikunywa maji, kiu haikuisha. Alishika tumbo, akingoja mtoto acheze. Akichelewa kucheza, moyo wa Ifrah ulimwenda mbio.

Jioni moja mumewe, Abshir, akamwuliza, "Mbona huli? Unaogopa nini?"

Ifrah akalia. "Nilimdanganya muuguzi. Sikumwambia kuhusu hooyo, mama yangu."

Abshir akaketi karibu naye. Akasema, "Wallahi, hata mimi naogopa. Kesho twende pamoja."

Dullo hakumgombeza. "Umefanya vizuri kurudi," alisema. "Ugonjwa hauji kwa kutajwa. Lakini huu huweza kufuata ukoo. Mama akiwa nao, binti yuko hatarini kuliko wengine, hasa akiwa mjamzito. Si lazima aupate. Ndiyo maana tunapima."

Asubuhi iliyofuata Ifrah alikwenda bila kula. Akatolewa damu, akanywa maji ya glukosi, akatolewa damu tena baada ya saa moja, na tena baada ya saa mbili. Muda haukwenda. Abshir alivuta tasbihi mlangoni.

"Sukari iko juu," Dullo akasema.

"Mtoto wangu atakufa?"

"Tumeijua mapema, mama. Ikiachwa juu, mtoto huweza kunenepa kupita kiasi, na kuzaa huwa kwa shida. Ikishuka, wengi hujifungua salama."

"Hooyo ndiye aliyenipa ugonjwa huu?"

"Hilo si kosa lake. Hakuna anayechagua damu ya kuzaliwa nayo. Chakula ndicho tunachoweza kuchagua."

Ifrah akaacha kutia sukari kwenye chai. Kikombe cha kwanza kilimshinda, akakimwaga. Akapunguza wali na pasta, akaongeza maharagwe na mboga. Baada ya kula alitembea na Abshir.

"Ikikataa kushuka, tutakupa dawa," Dullo alimwambia. "Usijinunulie mwenyewe."

Wiki mbili sukari ilipanda na kushuka. Ifrah alikonda kwa wasiwasi. Wiki ya tatu ikatulia.

Alijifungulia hospitalini, msichana wa kilo tatu na robo. Mtoto naye alipimwa sukari, ikawa sawa. Alhamdulillahi! Baada ya wiki sita Ifrah alipimwa tena. Sukari yake ilikuwa imerudi kawaida.

"Hata hivyo, pima kila mwaka," Dullo akamwonya.

Ifrah alipotoka tu, alimpigia simu mdogo wake, Nasteho, aliyeishi Elwak, naye alikuwa na mimba changa.

"Umekwenda kliniki, abaayo, dada yangu?"

"Bado. Naogopa watakachoniambia."

"Hata mimi niliogopa. Nenda ukiogopa hivyo hivyo. Waambie mama yetu ana sukari."

Nasteho akauliza, "Kliniki hufunguliwa saa ngapi?"