Usichume Majani ya Maharagi ya Mbegu

Kila asubuhi, huko Kalembe, Mama Emérence alikuwa anaamka kabla ya kuku. Anawasha moto, anaweka mihogo kwenye mafiga, anawanawisha watoto uso. Kisha anachukua jembe na kupanda mlima kwenda kwenye shamba lake la maharagi.

Maharagi yake yalikuwa yale ya kupanda miti. Yanazunguka mti mpaka kupita kichwa cha mtu, na kila mche unazaa sana. Mama yake mzazi ndiye aliyempa mbegu ile siku ya ndoa. Kwao ni hivyo: msichana haendi kwa mume mikono mitupu. Anaenda na mbegu ya mama yake.

Mwaka wa 1967 mvua ilikataa kuacha. Siku moja ya soko mlima uliporomoka. Watu wote walikuwa sokoni, Mungu asifiwe, hakuna aliyekufa. Lakini shamba la Emérence lilishuka lote mpaka mtoni, pamoja na maharagi yaliyokuwa yanaanza kutoa maua.

Nyumbani, kwenye kibuyu, kilibaki kiganja kimoja tu cha mbegu.

"Ngojea mvua ipite, utapanda," Polycarpe mume wake akamwambia. "Akiba haiozi."

"Akiba haiozi, lakini mbegu inaoza. Tazama." Emérence akamimina mbegu kwenye ungo. Unga mweupe ukaanguka, kwa sababu wadudu walikuwa wameshazitoboa nyingi. "Hawa wadudu hawangojei mvua. Nikipanda nje sasa, inaozea mu matope. Na mama yangu hayuko tena. Nitaomba nani ingine?"

Polycarpe akaokota mbegu moja, ikamvunjikia vidoleni.

Jirani yao, Mama Libérata, alisikia habari ile, akaja. Zamani, kwenye shamba la kinini, mti wa dawa ya malaria, alikuwa mfanyakazi wa pepinyeri, mahali miche inalelewa mpaka ipate nguvu.

"Panda mu nyumba," akasema.

"Mu nyumba? Mama Libérata, humu sisi wenyewe tunalala kama vidole mu kiatu!"

"Sifanyi mchezo. Kule pepinyeri tulikuwa tunaotesha miche mu changarawe na maji, bila udongo. Siku ya kwanza tulicheka. Kisha tukaacha kucheka."

"Bila udongo itakula nini?"

"Itakula samadi. Lete lile beseni lako lenye kutoboka."

Kwanza walichagua mbegu zisizo na tundu. Wakazifunga mu kitambaa chenye maji, wakaziweka kando ya moto, mahali pa joto kidogo. Siyo juu ya moto, maana joto kali linaua mbegu. Zilizoota zilikuwa chache. Ungeweza kuzibeba zote kwenye kijiko.

Kisha wakaosha changarawe ya mto mpaka maji yakatoka safi. Wakaijaza mu beseni, wakapanda zile mbegu ndani. Tundu la chini wakaliziba kwa kitambaa.

Libérata akatia samadi ya mbuzi mu mfuko, akaulaza mu mtungi wa maji. Kesho yake akayachuja yale maji, akayaongeza maji mengine mpaka yakawa na rangi ya chai nyepesi. Akatia majivu kidogo sana, kama chumvi ya mboga.

"Asubuhi na jioni, mimina haya mu beseni," akasema. "Kisha zibua tundu, maji yarudi mu ndoo chini, uzibe tena. Mara ingine unayamimina yaleyale. Yakianza kunuka vibaya, unayamwaga nje, unafanya mengine."

"Kwa nini nizibue? Si niyaache tu, mche unywe mpaka ushibe?"

"Wewe ukikaa na kichwa mu maji kutwa, utashiba ao utakufa? Mizizi nayo inapumua, dada. Na hii ndoo, funika. Watoto wasiiguse, iko uchafu wa mbuzi. Unawe mikono kila mara na sabuni."

Ikabaki shida ya mwanga. Dirisha lao lilikuwa dogo kama sahani. Libérata akamwambia Polycarpe alipanue, upande ule jua linatokea.

"Nibomoe nyumba sababu ya maharagi?" Polycarpe akalalamika. "Mimi nimelala gizani tangu tuoane, na hakuna aliyenitafutia dirisha!"

"Wewe unazaa maharagi?" Libérata akamuuliza.

Polycarpe akacheka, akachukua panga. Alipanua dirisha, akaweka beseni chini yake, akapaka chokaa ukuta wa pembeni ili mwanga urudi kwenye beseni. Akafunga kamba za mgomba kutoka beseni mpaka kwenye boriti ya nyumba. Maharagi yakazikamata kamba, yakaanza kupanda.

Emérence alifurahi mpaka usingizi ukampungukia. Akawa anajiuliza: nitamshukuru jirani yangu na nini? Shamba sina, kuku hatagi.

Siku ya Mungu, walipotoka misa, akamwita Libérata kula. Katika milima ile, mgeni wa heshima anapewa mboga ya majani machanga ya maharagi. Emérence akafanya kama alivyofundishwa na mama yake. Alichuma zile ncha laini, akapika na mafuta ya mawese na bugali ya muhogo.

Libérata akaonja. "Majani ya maharagi! Mu mvua hii umeyatoa wapi?"

Emérence akatabasamu, akaonyesha dirishani.

Libérata akaweka tonge chini. Akasimama, akaenda kutazama. Kila mche ulikuwa umekatwa kichwa. Mmoja haukubaki hata na jani.

"Mama Emérence! Mimi nakula mbegu ya mama yako!"

"Lakini shambani tunachuma siku zote, na yanazaa!"

"Shambani miche iko mingi. Ukiumiza huu, ule unakuzalia. Hapa iko mingapi? Jani ndiyo linakula mwanga kwa ajili ya mche. Ncha ndiyo inapanda juu. Umefunga mlango na dirisha pamoja."

Emérence akakaa chini, akalia. "Nilitaka kukushukuru tu. Sasa nimemzika mama yangu mara ya pili."

Polycarpe akasukuma sahani mbali. Naye alikuwa amekula, tena kwa hamu.

"Nyamaza, ndugu yangu. Simama, uone," Libérata akasema. Akainama juu ya mche. "Hapa, kwenye kwapa la jani la chini. Unaona kijicho kidogo cha kijani? Pale patatoka kichwa kingine. Kikitoka, kishikishe kamba. Mche wenye hauna jani, huo umekufa. Yenye imebaki, usiiguse hata jani moja. Hata mimi nikija na njaa, unifukuze!"

Kutoka siku ile Emérence alilinda dirisha kama mama anayelinda mtoto mwenye surua. Mche mmoja ulikufa kama alivyoambiwa, na mwingine ukaufuata. Iliyobaki ilitoa vichwa vipya. Ikakamata kamba, ikapanda mpaka kwenye boriti, ikatoa maua, kisha maganda.

Hakuchuma maganda mabichi. Aliyaacha yakauke yenyewe mpaka yakawa yanalia ukiyatikisa. Alipoyapasua, mbegu zilijaa bakuli. Zilikuwa zilezile za mama yake, nyekundu zenye madoa meupe.

Hakupika hata moja. Akafunga sehemu moja mu kitambaa, akampelekea Libérata.

"Mara ile nilikushukuru vibaya," akasema. "Pokea hizi. Ziko za kupanda."

Libérata akazipokea kwa mikono miwili. "Sasa zina nyumba mbili. Mlima ukishuka tena kwako, utanipigia hodi."

Mvua ilipotulia, Emérence alipanda nje, mahali pasipo na mteremko mkali. Alivuna, wakala, na mbegu zikabaki.

Basi wewe mama unayesoma, nakuonya. Mbegu ikiwa chache, usichume majani yake, hata kwa mgeni wa heshima. Na usiiweke yote mu nyumba moja. Ile ya mama yako ikipotea, soko halina ingine.

Msimu mwingine mvua ilirudi kwa nguvu. Safari hii ilichukua shamba la Libérata, pamoja na mbegu yote aliyokuwa amepanda. Asubuhi yake Emérence alisikia sauti mlangoni.

"Hodi! Mimi huyu. Nakuja kuomba mbegu ya mama yetu."