Machenza ya Mlango 904

"We Anko! Umemuua mke mwenzangu!"

Seungmok aligeuka na furushi lake, na furushi likaangusha sanamu la pili la kuonyeshea makoti. Soko la nguo la jumla la Dongdaemun hufanya biashara usiku, na kufika saa saba hakuna mwenye nafasi ya kugeuka. Pyo Seungmok alikuwa mbebaji. Wenye maduka ya mikoani walimtuma kuwachukulia mizigo, na soko zima huwaita watu wa kazi hiyo Anko. Aliyempigia kelele alikuwa Bang Yeoreum, muuza makoti, mwenye fulana ya manjano na mkasi wa vitambaa uliomning'inia shingoni.

"Samahani, dada. Mke mwenzako ndiye yupi?"

"Huyo asiye na kichwa. Ndiye wateja wanayempenda."

"Mimi nampenda mwenye kichwa," alisema Seungmok, kisha akaiva masikio kwa haya, akakimbia na kulisahau furushi.

Alilirudia akiwa na supu ya samaki katika kikombe cha karatasi. Usiku uliofuata akaleta vikombe viwili. Simu nazo zikaanza.

"Umelala, Anko?"

"Nimelala."

"Sasa anayejibu ni nani?"

Mwaka wa pili wakaoana, wakapanga nyumba ghorofa ya sita, mlango 604, na namba za siri za mlango zikawa tarehe ya harusi yao. Walirudi alfajiri, wakala, wakavuta mapazia mazito, wakalala wakati jiji zima linaamka. Mkasi Yeoreum aliutundika kando ya kitanda.

Baridi ilipoingia, aliona mikwaruzo mitatu shingoni kwa mumewe.

"Nini hiki?"

"Paka wa ghalani."

"Paka gani huyo mwenye kucha za mwanamke?"

Seungmok akacheka. Alicheka vibaya, na mke huwa anajua.

Kisha wakaja majirani. Yeoreum akiingia kwenye lifti, maongezi yanakatika. Mlinzi wa jengo, mzee aliyezoea kumtania, sasa alimtazama miguu tu. Yeoreum akajisemea kwamba wanamhurumia. Wote wanamjua hawara wa mumewe isipokuwa yeye.

Jumapili moja aliamka saa kumi jioni, upande wa pili wa kitanda ukiwa mtupu. Alishuka kumuuliza mlinzi.

"Labda yuko ghorofa ya tisa," mzee alimung'unya.

Huko alimkuta Seungmok ameshika sanduku la machenza kwa mikono miwili, ameinama mbele ya mlango 904. Mlangoni alisimama mama Hayul, mwanamke aliyeachika, amejifunga aproni.

"Kumbe ni huyu! Mwizi wa waume za watu we! Unaletewa matunda mimi nikiwa nimelala?"

Milango ya jirani ikafunguka.

"Yeoreum, twende nyumbani, tafadhali."

"Siendi! Na wasikie wote!"

Mama Hayul hakupandisha sauti. "Dada, mumeo simtaki, na machenza yamenijaa kwenye friji. Ninachotaka ni mwanangu asiogope kurudi kutoka shule. Njoo uone."

Ukutani kwake kulikuwa na kioo kidogo cha kamera ya kengele, kinachohifadhi picha ya kila aliyefika mlangoni. Akabonyeza. Saa sita mchana, Yeoreum katika gauni la kulalia, pekupeku, macho wazi yasiyoona kitu, mkasi wa vitambaa mkononi. Nyuma yake Seungmok na fulana ya ndani, damu shingoni, ameiinamia kamera kuomba radhi. Picha ya pili, vilevile. Zilikuwa kumi na moja.

"Unabonyeza namba zako kwenye mlango wangu," mama Hayul alisema. "Zikikataa, unalia. Unasema, 'Nifungulie, Anko.'"

Yeoreum alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliona aibu ya lile gauni, aibu ya mkasi, na zaidi ya yote aibu ya neno alilotoka kulitamka mbele ya watu. Alishuka ngazi zote bila kumtazama mtu, akatoka nje.

Siku tatu alikaa sokoni, akisinzia kitini huku amejifunga mkono kwenye nguzo kwa mkanda wa koti, asije akainuka tena usingizini. Siku ya tatu ndipo alipopokea simu ya mumewe.

"Rudi nyumbani, mpenzi."

"Nije nikuue? Hukuuona ule mkasi?"

"Niliuona."

"Na jengo zima linajua! Umeniombea msamaha mlango kwa mlango kama mtoto aliyevunja vioo! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningelazimika kukuambia na ya siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza kulikuwa na nini?"

"Ulisimama juu yangu na mkasi. Nilikuita, hukunisikia. Nikakimbilia chooni, nikajifungia. Nilisikia ukitoka peke yako, na sikufungua. Mlinzi alikukuta kwenye theluji, pekupeku, akakurudisha. Na mimi mumeo niko chooni." Alikuwa analia waziwazi. "Sikuficha aibu yako, mke wangu. Nilificha yangu."

Yeoreum alijifungua mkono kutoka kwenye nguzo.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, mjinga wewe. Kesho tunakwenda hospitali, wote wawili."

"Wote?"

"Mimi kwa kutembea usingizini, wewe kwa choo."

Seungmok akacheka na kamasi zake, na safari hii alicheka vizuri.

Daktari alitoa dawa, akaonya kwamba itachukua muda. Mkasi ulibaki sokoni, umefungiwa kwenye droo. Likabaki sanduku la machenza la kuombea radhi, na Yeoreum akakataa libebwe na mtu mwingine. Alivaa buti, akafunga kamba mpaka juu, akamwacha mumewe kwenye lifti.

Alibonyeza kengele ya 904 akijua kwamba anapigwa picha. Uso ulimchoma. Mlango ulifunguka kiasi cha mnyororo, na mama Hayul akamtazama miguu kwanza, kabla ya uso.

"Dada," alisema Yeoreum, akainama na sanduku lake, "leo nimekuja nikiwa macho. Nilikuita mwizi mbele ya watu. Nisamehe."



"Umevaa viatu," alisema mama Hayul, kisha akautoa mnyororo.